GB si kilo ya sukari

Wandugu, tuanze na kilichotuuma. Kama unaenda kununua kadi ya grafiki kwa ajili ya gemu uliyoijaza modi, na swali lako la kwanza dukani ni "hii ni namba gani?", umeshaliwa. Na kama swali lako ni "iko na GB ngapi?" halafu ukanyamaza, umeliwa pia, ila wewe utafika nyumbani na furaha. Sisi tulifika nayo. Ilidumu jioni moja.

Wasomaji wetu wa mashirika, ambao Kampala yao mara nyingi inaishia Kololo na Muyenga, pengine hawaijui Kikuubo. Neno lenyewe kwa Kiganda ni kichochoro. Ni njia nyembamba chini mjini, jirani na paki za basi, ambapo sabuni, biskuti, unga, mafuta ya kupikia na ndala hushushwa kwa katoni na kuondoka kwa katoni, nyingine zikivuka mpaka kwenda Juba, Beni na Bunia. Ukisimama katikati ya njia kushangaa, utasukumwa na mtu mwenye gunia mgongoni, na haki ni yake. Baadhi yetu ndio tulikuwa huyo mtu mwenye gunia. Ndiyo kazi ya kwanza tuliyopata mjini hapa, kabla ya kujua hata Luganda ya kuomba maji.

Na hapo Kikuubo ndipo tulipojifunza kuamini namba iliyoandikwa juu ya mzigo. Gunia la sukari limeandikwa kilo 50, basi ni kilo 50. Ni kilo 50 hapa, ni kilo 50 Nakivale, ni kilo 50 Bukavu. Ukiwa na wasiwasi, mizani iko pale, unapima, mnamalizana. Tukatoka hapo tukaingia kwenye akedi za kompyuta za jirani na akili hiyo hiyo. Tukauliza GB kama mtu anayeuliza kilo. Ugonjwa wote ulianzia hapo, na tunaandika kwa sababu tunaona wadogo zetu wanaugua ule ule.

Gemu yetu ni Skyrim, toleo la Special Edition lililotoka Oktoba 2016. Kuna watu wanatucheka kwamba ni gemu ya wazungu wenye baridi na mapanga. Sawa. Lakini inaanza na mtu aliyekamatwa akivuka mpaka. Amefungwa mikono, amepakiwa kwenye mkokoteni wa farasi, na askari mwenye karatasi anatafuta jina lake kwenye orodha, halimo. Nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya meza akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha? Ukiendelea kucheza utafika mji wa Windhelm, na ndani ya mji huo kuna Mtaa wa Kijivu, ambamo wanaishi wakimbizi waliokimbia baada ya mlima wa volkano kulipuka kwao. Wenyeji wanawatukana barabarani. Kuna wenzetu wa Goma waliokimbia Nyiragongo mwaka 2002 wakiwa wamebebwa mgongoni, na wengine Mei 2021 kwa miguu yao wenyewe. Hao wakifika Mtaa wa Kijivu huwa hawaongei kwa muda.

Basi tukaamua kuubadilisha mtaa huo. Bethesda, wenye gemu, wanatoa bure programu ya kutengenezea modi, inaitwa Creation Kit. Tukapiga picha Kikuubo: milango ya chuma, magunia, vitenge vilivyoning'inizwa, mbao za mikokoteni, kuta zenye rangi tatu zilizobanduka moja juu ya nyingine. Tukazigeuza kuwa ngozi, yaani zile picha zinazofunika kila kitu unachokiona ndani ya gemu. Juu ya hizo tukaweka modi za watu wengine za milima, miti, theluji, nyuso na nguo. Tulipofika modi mia moja na kitu, kompyuta yetu ilikuwa inatoa picha moja, inapumzika, inatoa nyingine, kama mzee anayepanda ngazi za Mengo.

Ikabidi kununua kadi. Watu 12, elfu mbili kila Jumamosi, wiki 16. Piga hesabu: 384,000. Kuna mmoja wetu aliyelipa elfu mbili yake kwa kutembea kwa miguu kutoka Katwe wiki nzima badala ya kupanda taksi. Hatumtaji, anajijua.

Tukanunua kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, GB 4, kwa 380,000. Iko ndani ya boksi, ina nailoni, inang'aa. Elfu nne iliyobaki tukanunua rolex mbili tukagawana watu 12, kila mtu tonge moja. Tulikuwa na sherehe, bana.

Usiku gemu ikawaka, ikaenda dakika tano, skrini ikawa na rangi kama taa za harusi, ikazima. Tukawasha tena, ikazima tena. Asubuhi mmoja wetu akaleta GPU-Z kwenye flashi. Ni programu ndogo ya bure inayosoma kadi kutoka ndani, na tangu mwaka 2018 inaweza kutambua kadi nyingi za Nvidia zilizodanganywa na kukuandikia wazi kwamba ni feki. Ikatuandikia. Chini ya lile jina la 1050 Ti kulikuwa na chipu ya GTS 450, kitu cha mwaka 2010, yenye memori ya GB 1. Mtu alikuwa amekaa mahali akaandika upya programu iliyo ndani ya kadi, akaifundisha kadi kusema uongo kuhusu jina lake na GB zake. Windows iliuamini uongo. Gemu iliuamini pia, mpaka ilipojaribu kuweka kitu kwenye GB ya pili na kukuta hakuna sakafu.

Tulirudi dukani. Muuzaji alitusikiliza vizuri, hakupiga kelele. Akasema, "Sebo, soma kwa boksi, imeandikwa four GB. Risiti iko wapi?" Risiti hatukuwa nayo. Wakati wa kununua alituambia bila risiti anatupunguzia bei kidogo, na sisi tukafurahi kupunguziwa. Mnakumbuka Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kikuubo na katikati ya mji walipofunga maduka kwa sababu ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA? Wana hoja zao na sisi si wa kuwasemea. Ila tunachojua ni kwamba mkimbizi bila risiti ni kama mkimbizi bila karatasi yoyote: unaweza kuwa na haki yote duniani na usiwe na pa kuionyesha.

Sasa, tusimlaumu yule muuzaji peke yake, kwa sababu hata angetuuzia 1050 Ti ya kweli yenye GB 4 za kweli, bado tungekuwa tumekosea. Hapa ndipo tunapogombana na vijana wenzetu kila siku.

Kwenye karatasi Skyrim hii inaomba kidogo sana. Wenyewe walisema kadi ya chini kabisa iwe GTX 470 yenye GB 1, na wakapendekeza GTX 780 yenye GB 3 au R9 290 yenye GB 4. Watu wanasoma hapo wanasema, "Kumbe GB 4 inatosha na chenji inabaki." Inatosha kwa gemu yao. Gemu yako wewe si hiyo tena. Ukishaweka modi mia mbili, ile karatasi inaelezea nyumba ambayo umeshaibomoa.

Hesabu yake si ngumu, mtu aliyefika Senior Two anaiweza. Ngozi inayoitwa 4K ni mraba wa pikseli 4,096 kwa 4,096. Hata ikishabanwa vizuri kwa mtindo wa BC7, kila pikseli inakula baiti moja, kwa hiyo ni MB 16. Ongeza nakala zake ndogo ndogo ambazo gemu huzitumia kitu kikiwa mbali, ambazo ni theluthi moja ya ziada, unapata kama MB 21. Na kitu kimoja hakina ngozi moja. Kina ya rangi, na kina nyingine ya mabonde na vinundu ili mwanga ukipiga kionekane si karatasi. Hapo ni MB 42 na kidogo. Gunia moja! Sasa fikiria umesimama kwenye Mtaa wa Kijivu na mbele yako kuna vitu mia vya aina tofauti, kila kimoja na ngozi zake mbili. Umeshapita GB 4, na hujahesabu Windows yenyewe, wala vivuli, wala picha ile inayochorwa kwenye skrini.

Ukishuka kutoka 4K kwenda 2K, kila kitu kinagawanyika kwa nne. Vitu vile vile mia vinakula GB 1 na kidogo. Hapa inabidi tujiseme wenyewe. Sisi tulipiga picha gunia tukalifanya 4K kwa sababu tulikuwa tunalipenda gunia. Kikombe cha chai tukakifanya 4K. Kikombe! Na skrini yetu ni ile ya inchi 19 ya ofisini, haifiki hata pikseli 1,400 kwa upana. Yaani tulikuwa tunamlazimisha mtu kubeba katoni 40 ili aonyeshe biskuti moja. Kabla hujatoa shilingi kununua kadi, chukua programu ya Cathedral Assets Optimizer, shusha vikombe, vijiko, viatu na magunia mpaka 1K, na uache 2K kwa milima, kuta na nyuso. Ni bure. Tulipofanya hivyo mtaa wetu ulipungua zaidi ya nusu na hakuna aliyeona tofauti, isipokuwa aliyepiga zile picha, na yeye bado amenuna.

Memori ikijaa inakuwaje? Mtu anadhani gemu itasema "nimejaa" na kuzima. Mara nyingi haisemi. Kinachozidi kinapelekwa kwenye RAM ya kompyuta, halafu kinaitwa kila kinapohitajika, kupitia ile njia ambayo kadi imechomekwa. Njia hiyo, ikiwa ni PCIe 3.0 kamili, inapitisha kama GB 16 kwa sekunde. Memori ya kadi kama RX 580 ya GB 8 inapitisha 256. Ni kama stoo yako ya Kikuubo imejaa, ukaweka mzigo uliobaki Ggaba, na kila mteja akiuliza sabuni unamtuma boda mpaka Ggaba. Duka halijafungwa. Wateja ndio wanaondoka. Ndiyo maana gemu inakwenda vizuri, inakwama nusu sekunde ukigeuza kichwa, inakwenda tena. Watu wanalaumu prosesa, wanaongeza RAM, wanabadilisha draiva, na wakati wote ni stoo.

Kwa hiyo tunashikilia hili: kwa gemu ya modi nyingi za ngozi, memori ndilo swali la kwanza. Kabla ya mwaka, kabla ya jina, kabla ya taa za rangi. Kadi ya zamani yenye GB 8 za kweli itakuhudumia kuliko kadi ya juzi yenye GB 4. Chipu ikiwa dhaifu unapunguza vivuli, unapunguza majani, unacheza. Memori ikikosekana unaanza kufuta modi, na modi ndiyo gemu yenyewe.

Lakini GB za nini? Hapa ndipo kilo ya sukari inapokufa. Nenda kwenye akedi yoyote utaona GT 730 yenye GB 4, bei nafuu, boksi kubwa. GB 4 ni za kweli, hazijadanganywa. Lakini nyingi ni memori ya DDR3 kwenye njia ya biti 64, inapitisha kama GB 14 tu kwa sekunde. Ile 1050 Ti halisi, yenye GB 4 vile vile, inapitisha 112. Namba moja kwenye boksi, vitu viwili tofauti kabisa. GT 1030 ni mbaya zaidi kwa sababu jina ni moja: kuna ya GDDR5 inayopitisha 48 na kuna iliyokuja mwaka 2018 na DDR4, inapitisha chini ya 17. Boksi zinafanana. GTX 1060 nayo kuna ya GB 6 na kuna ya GB 3, na ile ya GB 3 hata chipu yake imepunguzwa, si memori tu. RTX 3060 ni ya GB 12, lakini mwishoni mwa 2022 ikaja nyingine ya GB 8 yenye njia nyembamba na jina lile lile.

Na msidhani ni ujanja wa kichochoroni tu. GTX 970 ya mwaka 2014 iliuzwa dunia nzima kama kadi ya GB 4. Baadaye watu wakagundua kwamba GB 3.5 ndizo za haraka na ile nusu ya mwisho ni ya polepole sana. Kesi ikaenda mahakamani Marekani, na mwaka 2016 Nvidia ikakubali kuwalipa wanunuzi wa huko dola 30 kwa kila kadi. Wanunuzi wa huko. Aliyenunua ya kwake Kampala ameshaizoea. Ndiyo maana tunacheka mtu akituambia "nunua kitu cha kampuni kubwa, hutadanganywa."

Kuna hoja moja ya upande wa pili tunayoiheshimu. Kama modi zako ni za hadithi, sauti, watu wengi sokoni na mambo ya hesabu za ndani, kadi haitakusaidia, hiyo ni kazi ya prosesa. Na kama bado unacheza Skyrim ya zamani ya 2011, ile ni ya biti 32, itagonga ukuta wake yenyewe kabla kadi haijachoka. Usinunue chochote. Hamia Special Edition kwanza.

Sasa tugeukie watu wetu wa mashirika, kwa heshima, lakini tuseme.

Siku moja kwenye mkutano, dada mmoja alituuliza kwa upole kabisa: kwa nini mkimbizi anahitaji kadi ya gemu? Si bora cherehani? Tumelifikiria swali hilo muda mrefu kuliko anavyodhani. Hatuna ugomvi na cherehani. Wawili kati yetu wanashona, na kitenge kilichoning'inia kwenye Mtaa wa Kijivu ni cha mmoja wao. Lakini dada, mnaponunua cherehani mnauliza: ya mguu au ya umeme? Inashona jinzi? Spea zake zinapatikana wapi? Mnamwita fundi aijaribu. Zilipokuja kompyuta za "maabara ya vijana", karatasi ya manunuzi ilisema "kadi ya grafiki, GB 4", mtu akatiki kisanduku, na kilicholetwa ni zile GT 730 za DDR3. Mpya kabisa, na nembo imebandikwa juu. Kijana akifungua kazi kubwa kidogo inaganda, halafu ripoti inaandikwa kwamba vijana wamepoteza hamasa. Hamasa ipo. Memori ndiyo haipo. Kwa pesa ile ile mngepata mashine chache zaidi kidogo, lakini zinazofanya kazi, kama mngemwita kijana mmoja tu akaja na flashi.

Sisi wa mjini tunajua masharti. Ukichagua Kampala badala ya makazi, hakuna mgao wa chakula, unajitegemea. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na tunashukuru. Basi mtu anayejitegemea aachiwe kuchagua jembe lake. Yule kijana aliyejifunza kukunja ngozi juu ya mlango wa chuma ndani ya gemu ndiye yule yule anayeweza kumchorea mteja sofa, jeneza au nyumba kabla haijajengwa. Alianzia kwenye gemu kwa sababu gemu ndiyo ilimfanya akeshe. Hakuna warsha iliyomfanya akeshe.

Na msifikiri sisi wenyewe tunakubaliana kwa kila kitu. Tumeanza kuchanga upya, watu wale wale 12, na mjadala ulikuwa mkali. Upande mmoja: RX 580 ya GB 8, iliyotumika. Zipo nyingi, kwa sababu Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi na wachimbaji wakaziuza. Upande wa pili: GTX 1060 ya GB 6, kwa sababu Blender tangu toleo la 3.0 haitumii tena RX 580 kwa kurenda kwa Cycles, ila 1060 inaitumia. Ni hoja nzito, na aliyeitoa ndiye anayejua Blender kuliko sisi wote. Tukapiga kura, 7 kwa 5, ikashinda GB 8. Kuchora bado kunawezekana kwenye RX 580, kinachobaki ni kurenda, na hilo prosesa italifanya usiku tukilala, Yaka ikiwa na yuniti. Wale watano wamesema wataandika makala yao. Waandike, tutaishea.

Kwa anayeuliza kuhusu mashine zile ndogo za ofisini, zile Dell zinazouzwa zikiwa zimetoka ulaya: angalia kwanza pawa saplai. Nyingi hazina waya wa kulisha kadi kubwa. RX 580 inakula wati 185, haiwezekani hapo. Usikubali kuuziwa adapta inayochukua umeme kutoka kwenye waya wa SATA ili kuilisha kadi, waya ule haukutengenezwa kwa mzigo huo na utaungua. Kwa mashine hizo chukua kadi isiyohitaji waya wa ziada: 1050 Ti au GTX 1650 za GB 4, na ukae na 1K na 2K kwa adabu. Ukiwa na pesa kidogo zaidi, kuna RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, inakula wati 70 tu. Mwenye pesa ya RTX 3060 ya GB 12 na pawa saplai ya maana, huyo hana haja ya kusoma makala yetu.

Sisi Jumamosi ijayo tunatimiza wiki ya 16. Tunashuka watatu, saa nne asubuhi, kabla njia haijajaa. Mmoja anabeba flashi yenye GPU-Z na OCCT, ambayo inajaribu memori ya kadi. Mmoja anabeba pesa na haongei. Wa tatu anaongea Luganda. Kadi itachomekwa pale pale dukani na tutasoma wenyewe: aina ya memori, upana wa njia, GB. Kwa RX 580 tutahesabu pia vitengo vya chipu, viwe 2,304, maana iko nyingine ya 2,048 ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa koti. Tutaacha jaribio liende dakika 20, na muuzaji asiyetaka dakika 20 tutamwambia asante. Tukikuta kadi inajiita GTX 1050 Ti halafu ina tundu la bluu la VGA, tutakimbia, kwa sababu kizazi kile cha Nvidia hakikuwa na VGA. Na risiti itaandikwa jina kamili, GB, na aina ya memori, hata kama bei itapanda kidogo.

Kadi ile ya feki tumeitundika juu ya mlango wa chumba chetu Katwe, na chini yake tumeandika bei.